Dira Iliyofungwa Ndani ya Jiwe

Nahodha apitaye mbele ya Mapinga, akitoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, huiamini dira yake, wala hafikiri kwamba zamani ncha yake ingaliweza kuelekea kusini. Pwani hiyo ya mchanga na matumbawe haina la kumwambia. Ushahidi uko mbali, bara, ukingoni mwa nyanda za Serengeti, katika bonde la Olduvai, ambako chini ya matabaka yenye mifupa yamelala mawe meusi ya basalti yaliyotoka katika milima ya moto.

Lava ikiwa ya moto sana haishiki sumaku. Ipoapo, joto likashuka chini ya digrii 580 hivi za sentigredi, madini ya chuma yaliyomo huanza kushika mwelekeo wa sumaku ya dunia, na jiwe huuhifadhi tangu siku hiyo. Mwaka 1906 Bernard Brunhes alikuta huko Ufaransa mawe yaliyoelekea kinyume. Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani akaonyesha kwamba ugeukaji huo ulikuwa na zama zake. Wengi hawakusadiki.

Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus hapo Olduvai. Mumewe, Louis, alilikisia umri wa miaka 600,000. Mwaka 1961 kipimo cha potasiamu na argoni kikatoa 1,750,000, na ubishi ukazuka. Ndipo mwaka 1963 Grommé na Hay walipopima sumaku ya basalti ile ya chini: ikaelekea kaskazini, kama dira ya leo! Hapo palikuwa na fumbo, kwa kuwa mawe mengi ya umri huo huelekea kusini. Ama umri ulikosewa, ama sumaku ya dunia ilirudi kaskazini kwa kitambo katikati ya zama ndefu za kugeuka. La pili ndilo lililothibitika. Mwaka 1964 Cox, Doell na Dalrymple wakakiita kitambo hicho Olduvai. Leo huhesabiwa kuwa kilianza karibu miaka 1,950,000 iliyopita, kikaisha karibu 1,770,000.

Jina lenyewe si sahihi. Wamaasai husema Oldupai, yaani mkonge mwitu uotao humo. Mjerumani mmoja aliyefika mwaka 1911 alilisikia vibaya. Hata hivyo kitambo hicho kimeonekana katika matope ya vilindi vya bahari, na wachunguzi wake, ambao wengi hawakupata kuliona bonde, hulitaja kwa kosa lile lile la masikio.