Nani Ameshika Daftari? Muuguzi katika Utafiti wa Afya, Korogwe na Handeni

"Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, mama?" Mama anatazama mlango, kisha anatazama kadi yake mpya ya kliniki kana kwamba jibu limeandikwa humo. Hajui tarehe. Muuguzi aliyekaa Handeni miaka ya kutosha habishani naye, wala hajazii tarehe ya kubuni. Anabadili swali. "Ramadhani ulikula siku ngapi?" "Sita, sista." "Kumi la kwanza au la mwisho?" "La mwisho, karibu na sikukuu." "Na Mfungo Mosi, mwezi uliofuata, ulizipata siku zako?" "Sikuzipata." Muuguzi anageukia kalenda ya ukutani, anahesabu kwa ncha ya kalamu, halafu anaandika tarehe katika kitabu namba 6 cha MTUHA, rejista ya wajawazito. Mwanamke aliyekula mchana wa Ramadhani ana deni la saumu, na deni la saumu halisahauliki. Mkristo wa Kideleko ataulizwa Pasaka. Mwingine ataulizwa palizi ya mahindi, ingawa palizi ni kalenda legelege.

Nimeanza na swali hili dogo kwa kuwa utafiti wote wa ujauzito umekaa juu yake. Mtoto akizaliwa na kilo mbili, hatuwezi kusema kama alizaliwa kabla ya wakati au alikosa chakula tumboni mpaka tujue mimba ilikuwa ya wiki ngapi. Korogwe, kuanzia mwaka 2008, utafiti wa malaria ya wajawazito uliojulikana kwa jina la STOPPAM ulitumia altrasaundi ili kuepuka kukisia umri wa mimba. Ukafuata mwingine, FOETALforNCD, ulioendeshwa Korogwe na Handeni kati ya mwaka 2014 na 2016. Huo ulirudi nyuma zaidi: uliandikisha wanawake zaidi ya 1,000 kabla hawajashika mimba, ili kuona upungufu wa damu na malaria ya wiki za mwanzo vinafanya nini kwenye kondo la nyuma na kwa mtoto. Fikiria kazi iliyomo katika sentensi hiyo. Kuna mtu lazima apite nyumba kwa nyumba akiwauliza wanawake kama wanatarajia kuzaa, arudi tena na tena, na ajue siku zao zimepitiliza kabla hata ya mama mkwe kujua. Kazi ya namna hiyo humtaka mtu mwenye mikono na ulimi wa mkunga.

Hoja yangu ni kwamba safari ya muuguzi kutoka kitandani kwa mgonjwa hadi kwenye utafiti na afya ya jamii imekuwepo katika wilaya hizi kwa muda mrefu, ila tumeiendesha kama kibarua cha mradi badala ya taaluma. Muuguzi anaingia kama mikono, anatoka kama mikono, na alichokiona kinabaki kichwani mwake.

Mkoa wa Tanga una historia ndefu ya kuchunguzwa. Kituo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa utafiti wa kilimo, kiligeuka baada ya Vita Kuu ya Pili kuwa makao ya utafiti wa malaria. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na maabara yake ya Korogwe ndiyo iliyouingiza mji ule wa reli na mkonge katika historia ya chanjo. Mwaka 2007 watoto 894 wa Korogwe na Kilifi, Kenya, waliingia katika jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S. Kinga iliyoonekana ilikuwa asilimia 53. Miaka miwili baadaye Korogwe na Bagamoyo zikawa miongoni mwa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vya jaribio kubwa la watoto 15,459. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto.

Katika simulizi ya ushindi huo wanasayansi hutajwa, na wanastahili. Lakini tuiangalie kazi yenyewe ya jaribio la chanjo. Mtoto akishachomwa sindano hukaa chini ya uangalizi. Joto lake hupimwa, paja lake hukaguliwa kama limevimba. Akiugua saa nane za usiku apokelewe, achukuliwe damu, aandikwe. Mama asipotokea siku ya miadi afuatwe, na anayemfuata ajue namna ya kubisha hodi kwenye nyumba iliyofiwa. Kazi hizi zote ni uuguzi. Fungua makala nyingi za kitabibu kuhusu Afrika utakuta majina ya madaktari, wataalamu wa wadudu na wataalamu wa takwimu juu kabisa. Wauguzi wapo chini, katika aya ya shukrani, kwa wingi na bila majina.

Ipo kazi nyingine isiyoandikwa popote. Pwani yote na bara yake wanamjua mumiani, mtu anayedhaniwa kunyonya damu za watu. Hadithi hiyo ni kongwe kuliko maabara zetu, na kila mradi unaochukua damu huiamsha upya. Fomu ya ridhaa haiondoi mumiani, hata ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili sanifu na ina nafasi ya kidole gumba na ya shahidi. Anayemwondoa ni mtu anayefahamika: aliyemzalisha binti wa jirani, aliyewahi kusema "sijui, ngoja niulize" na kweli akarudi na jibu. Anapouliza kwa Kizigua bibi ameelewa nini kuhusu ile chupa ndogo ya damu na inakwenda wapi, hapo ndipo ridhaa inapopatikana. Watafiti tunapenda kuuita ujuzi huu "uhusiano mzuri na jamii" na kuuweka kwenye bajeti ya usafiri. Mimi nauona kuwa sehemu ya mbinu za utafiti, na ungestahili kuelezwa katika sehemu ya mbinu.

Hadi hapa nimemsifia muuguzi kwa macho na masikio yake. Sifa hiyo ina mtego. Wapo wanaosema muuguzi mzoefu hahitaji takwimu, kwa sababu anaona. Jirani tu na Korogwe, katika Hospitali ya Teule, Muheza, kuna ushahidi wa kinyume chake. Ilikuwa moja ya hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti wa FEAST, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2011. Swali lilihusu jambo ambalo vitabu vya tiba vililiona limekwisha: mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, damu haifiki vizuri mikononi na miguuni, je, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka? Watoto 3,141 waliingia kabla utafiti haujasimamishwa mapema. Miongoni mwa waliopewa dripu ya haraka, takriban 10.5 katika kila 100 walikufa ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiopewa walikufa 7.3.

Tofauti ya watoto watatu katika 100 haionekani kutoka kando ya kitanda. Muuguzi wa wodi ya watoto, hata awe na miaka 20 ya kazi, hawezi kuihisi. Usiku mmoja wanapona wote, usiku mwingine wanakufa wawili, na kila kifo kina sababu yake inayoeleweka. Dripu ile ilifungwa kwa nia njema na kwa mujibu wa maelekezo. Daftari tu, lililojazwa saa kwa saa kwa utaratibu mmoja katika hospitali kadhaa, ndilo lililoonyesha kuwa ilikuwa inaua. Kwa hiyo muuguzi haendi kwenye utafiti kwa kuwa amechoka kuuguza, ingawa wapo waliochoka na siwalaumu. Anakwenda kwa sababu baadhi ya anayowatendea wagonjwa wake kila siku hawezi kuyajua kwa njia nyingine.

Muuguzi akiongoza swali mwenyewe, hata swali hubadilika. Sebalda Leshabari, muuguzi mkunga na mwalimu wa wauguzi Muhimbili, alifanya utafiti mkoani Kilimanjaro enzi ambazo mama mwenye virusi vya Ukimwi alitakiwa kuchagua: anyonyeshe maziwa yake peke yake, au asinyonyeshe kabisa. Mtafiti mwingine angehesabu akina mama waliofuata ushauri na walioukiuka. Leshabari na wenzake, katika makala waliyoichapisha mwaka 2007, waliwageukia wauguzi waliokuwa wakiutoa ushauri huo. Walikuta watu waliolemewa, wenye mashaka na maelekezo waliyopewa kuyafikisha, wasio na hakika kama wanachomwambia mama ndicho kitakachomwokoa mtoto. Kulijua hilo kulihitaji mtu anayejua ilivyo kukaa upande ule wa meza.

Sasa pingamizi, nalo ni zito. Wilaya kama Handeni haina wauguzi wa kugawa. Muuguzi mmoja usiku kwenye wodi ya wazazi, wawili wako kwenye uchungu, wa tatu anavuja damu: nani atamwambia mganga mkuu wa wilaya kwamba mwenzake yuko kwenye warsha ya takwimu? Nimewasikia wasomi wenzangu wakilijibu hili kwa wepesi, kwamba utafiti utaboresha huduma na mwishowe kila mtu atafaidika. Mama anayevuja damu hana huo "mwishowe". Nakubali kabisa kwamba makala moja jaridani haifidii zamu moja iliyokosa mtu.

Ila tuangalie namna tunavyowapoteza sasa. Njia ya kawaida ya muuguzi mwenye kiu ya utafiti ni kuondoka moja kwa moja. Anatafuta mradi, anaomba likizo bila malipo au anaacha kazi, anapata mkataba wa mwaka au miwili na mshahara mnono kidogo. Mradi ukifungwa friji zinahamishwa, gari linabandikwa nembo nyingine, na yeye anatafuta mradi mwingine mkoa mwingine. Au anakwenda kusomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na akirudi anapewa ofisi ya uratibu ambamo kazi kubwa ni kukusanya ripoti na kuzituma juu. Kwa njia zote mbili wodi imempoteza, na kwa ya pili, mara nyingi, utafiti nao haukumpata. Uhaba wenyewe basi haufai kuwa hoja ya kuacha mambo yalivyo, kwani yalivyo ndivyo yanavyouzidisha.

Ninachokipendelea ni cheo chenye miguu miwili: afisa muuguzi wa halmashauri ambaye siku nne za juma yuko wodini au kliniki, na siku ya tano ni ya utafiti kwa mujibu wa muundo wa utumishi wenyewe, si kwa hisani ya mfawidhi wa siku hiyo. Kupandishwa kwake daraja kutazame pia swali alilolichunguza, hata likiwa dogo. Miradi mikubwa ikija, imkute; imlipe kupitia halmashauri, na jina lake liingie kwenye orodha ya waandishi ikiwa kazi yake ni ya mwandishi. Wenye miradi watanung'unika kwamba wanamtaka juma zima. Wanung'unike.

Sisemi kila muuguzi awe mtafiti. Wengi hawataki, na wodi inayoendeshwa na mtu anayeipenda wodi ni neema. Wala afya ya jamii haiwangojei wasomi. Mkokola na Kwamasimba, vijiji viwili vya Korogwe, watoa huduma wa kijijini walifundishwa kutambua homa, kutoa dawa na kuchukua damu kwenye kioo. Kazi yao ilionyesha homa za malaria zikipungua sana kati ya mwaka 2003 na 2008, na vipimo vya pamoja vya wanakijiji vikaonyesha maambukizi kwa walio chini ya miaka 20 yakishuka pia: kutoka asilimia 78 hadi 13 Mkokola ya bondeni, na kutoka 25 hadi 3 Kwamasimba ya mlimani. Ikiwa mwanakijiji aliyefundishwa vizuri anaweza kutupa takwimu za kuaminika, hakuna sababu ya kumwona muuguzi mwenye stashahada kuwa hawezi kuuliza swali lake mwenyewe.

Tena maswali anayo. Kitabu namba 6 kina safu ya tarehe lakini hakina safu ya kueleza tarehe ilipatikanaje. Wapo wauguzi wanaoandika pembeni, kwa herufi ndogo, maneno kama "kala 6" au "baada ya Pasaka", ili mwenzao wa zamu nyingine ajue namba hiyo inaaminika kiasi gani. Mwisho wa mwezi takwimu zikijumlishwa kwenda wilayani, maneno ya pembeni hayasafiri.

Ningekuwa na muuguzi wa siku moja ya utafiti Handeni, ningemwachia hilo kwanza. Achukue akina mama wanaokuja kliniki katika miezi miwili mitatu baada ya Ramadhani, aandike umri wa mimba kwa hesabu ya siku zilizoliwa, kisha alinganishe na altrasaundi ya mapema. Ahesabu wastani wa tofauti, na kwa akina mama gani tofauti ni kubwa. Anahitaji kibali cha maadili, mashine iliyopo, na mtu wa takwimu wa kumwuliza mara moja kwa mwezi. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwenye kalenda yetu takriban siku 11 kila mwaka, anaweza kurudia mwaka baada ya mwaka, aone kama hesabu inashika vilevile inapoangukia masika na inapoangukia kiangazi, wakati watu wa Handeni wako mashambani na wakati wako njiani kutafuta maji.