Nyuki Akimuuma Mtoto, Usitafute Wembe

Leo tuzungumzie nyuki.

Mtoto analia, mwiba umebaki shavuni. Wengi wetu hukimbilia wembe au kisu. Hata sisi wauguzi tulifundishwa kwamba mwiba haubanwi kwa vidole, eti utakamulia sumu ndani, unakwanguliwa. Ushauri huo ulikaa vitabuni miaka mingi.

Mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani, Visscher, Vetter na Camazine, waliupima. Waligundua kwamba kubana au kukwangua hakuleti tofauti. Kilicholeta tofauti ni muda: mwiba ulipokawia hata sekunde chache, uvimbe ulikuwa mkubwa zaidi. Sababu ni kwamba mwiba hung'oka pamoja na kifuko cha sumu, nacho huendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Kwa hiyo wembe unaoutafuta ndio unaomchelewesha mtoto.

Mwondoe mtoto penye nyuki, utoe mwiba mara moja kwa kucha au vidole. Osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa cha maji baridi. Usipake udongo wala mafuta ya taa.

Pengine utasema, "Huyu aliumwa mwaka jana, hakudhurika." Sikiliza. Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza jambo lililowashangaza. Mbwa aliyestahimili sumu ya mnyama wa baharini alipewa tena kiasi kidogo majuma kadhaa baadaye, akafa muda mfupi baadaye. Mwili ulikuwa umeikumbuka sumu ile na kuipinga kupita kiasi. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo.

Kwa hivyo, kupona mara ya kwanza si kinga. Mtoto akipumua kwa shida, akivimba midomo au ulimi, akitokwa na vipele mwili mzima, akitapika au kulegea, mkimbize hospitalini upesi. Huko huchomwa sindano ya adrenalini, na kila dakika ina thamani. Mlaze njiani, kama anapumua kwa shida, mwache aketi. Mpeleke pia akiumwa mdomoni au kooni, au akiumwa na nyuki wengi.

Mwambie na jirani yako. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.