Masale Mlangoni: Habari za Mapambo ya Nyumba Siku za Noeli Huko Tarakea

Wengi katika sisi tulio waalimu tumezoea kusema ya kwamba kuipamba nyumba kwa ajili ya sikukuu ni desturi iliyoletwa na misheni, pamoja na kengele na vitabu vya nyimbo. Sisi wenyewe tulinena hivyo kwa muda mrefu, wala hatukuona haja ya kuuliza. Lakini mtu akaaye Tarakea, huko Rombo mpakani mwa Kenya, akiyatazama mambo ya mwezi wa Desemba kwa macho yake na kuwasikiliza akina bibi wanavyowagombeza wajukuu wao, hana budi kukiri ya kuwa habari si nyepesi hivyo. Kilicholetwa ni tarehe. Kazi yenyewe ilikuwapo, na jani lake lilikuwapo, nalo lilikuwa na maana ambayo sisi tulikaribia kuiharibu kwa ujinga wetu.

Tuanze na neno. Katika Kiswahili twasema kupamba bibi arusi, kupamba meza, kupamba maneno, na watu wa pwani husema hata kupamba maiti. Tena moto ukishika sana twasema umepamba. Tusidanganyike na pamba ya shambani, kwa maana jina lile limetoka Uajemi, nalo ni neno jingine kabisa. Kupamba, kwa asili yake, si kuongeza kitu kizuri juu ya kitu kibaya. Ni kumweka mtu au kitu tayari kusimama mbele ya wale wanaostahili heshima. Ndiyo maana tukiuliza wazee nyumba ilipambwaje zamani, hawatuambii kilichotundikwa, bali hutuambia kilichofagiwa.

Nyumba ya kale ya Rombo ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi, na ndani yake watu na ng'ombe na mbuzi walilala chini ya paa moja. Nyumba ya namna hiyo haina ukuta wa kutundikia picha, na moshi wa jiko huvitia weusi vitu vyote. Uzuri wake ulikuwa chini na mlangoni. Wageni walipongojewa, kwa arusi au kwa mtoto kutolewa nje au kwa matambiko ya ukoo, wanawake walisiriba sakafu kwa samadi mbichi, wakatandika nyasi mpya, wakafagia ua mpaka njia ya kihamba ikaonekana nyeupe katikati ya migomba. Haya yote yalifuata majira. Hakuna mtu asiribaye sakafu katikati ya masika, udongo usipokauka wiki nzima. Mvua za vuli huanza Oktoba na kuelekea kwisha Desemba, na huo ndio wakati nyasi ni ndefu na jua limeanza kurudi. Basi Noeli ilipokuja mlimani iliangukia mahali palipokwisha kutayarishwa, maana katika kalenda ya kazi za nyumba Desemba ulikuwa mwezi wa kutengeneza.

Sasa habari ya jani. Mchaga huliita isale, na mengi ni masale. Wasemao Kiswahili wamelichukua hivyo hivyo kwa wingi wake. Ni mti mdogo wa jamaa ya Dracaena, wenye majani marefu ya kijani kama panga jembamba, ambao ukikata tawi na kulichomeka ardhini huota upesi. Kwa sababu hiyo hupandwa mpakani mwa vihamba, na safu yake ni shahidi asiyekufa baba anapokufa. Hupandwa pia makaburini pa wazee. Tena mtu akimkosea mwenzake huchukua jani la isale, hulipiga fundo, hulipeleka kwa aliyekosewa; na huyo, hata kama moyo wake ungali unawaka, yampasa kusamehe, na asiyesamehe hapo huogopwa kuliko aliyekosa. Angalieni basi jinsi mambo mawili yalivyokutana katika mti mmoja. Jani litengalo shamba langu na lako ndilo jani linalotupatanisha tukigombana juu ya shamba hilo hilo. Hatujui katika lugha zetu nyingine mti ambao wenyewe wameutwika mzigo mzito namna hii.

Mapambo ya ugenini yalifika kwa hatua. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893. Rombo ilipata misheni yake kabla karne ya 19 haijaisha. Mapadre walikuja na pango la Noeli, desturi iliyopata sifa tangu Francis wa Assisi alipotengeneza hori kule Greccio mwaka 1223, akamleta ng'ombe na punda walio hai. Watu wa Rombo, ambao walilala na ng'ombe wao usiku kucha, hawakuhitaji kufafanuliwa jambo hilo sana. Tumesikia mhubiri mmoja akitumia nusu saa kuwasikitikia Maria na Yosefu kwa kulala penye mifugo, na wazee mbele yake wakitazamana kwa mshangao, maana yeye alikuwa akiisimulia nyumba ya mama zao.

Mti wa Noeli ulikuja na Wajerumani. Yapo maandishi ya Strasbourg ya mwaka 1605 yasemayo ya kuwa watu wa huko waliweka miti sebuleni, wakatundika mawaridi ya karatasi, matofaa na vitu vitamu. Tulipoyasoma tulifurahi, kwa sababu mti ule wa kale haukuwa na kitu cha dukani ila kidogo. Ulipambwa kwa yale yaliyokuwamo nyumbani. Shada la Majilio ni geni zaidi. Lilitungwa na Johann Hinrich Wichern kule Hamburg mwaka 1839, kwa gurudumu la mbao lenye mishumaa mikubwa ya Jumapili nne na midogo ya siku nyingine, ili watoto maskini aliowalea waweze kuhesabu siku. Lilienea katika nyumba za Ujerumani hasa baada ya vita vya 1914 hata 1918, kwa hiyo yatupasa kujihadhari tusiliweke mikononi mwa wale waliopanda mlima mwaka 1893.

Lakini jambo moja la ugenini lilitushinda kulizoea. Watu walianza kuweka pamba juu ya matawi iwe mfano wa theluji. Tarakea! Mtu akitoka nje ya mlango huo huo wenye pamba, na mawingu yakifunguka, anaona Mawenzi umesimama karibu naye, na nyuma yake Kibo wenye barafu ya kweli, ile ambayo Rebmann alipoandika habari zake mwaka 1848 wataalamu wa Ulaya walimcheka. Tungecheka na sisi, isipokuwa barafu yenyewe inakwisha. Wanaoipima wamesema ya kuwa tangu mwaka 1912 hata mwaka 2000 hisa kama nne katika tano zimetoweka. Yawezekana wajukuu wetu watakuwa na theluji ya pamba tu.

Kuhusu mti, Tarakea haina shida, na hapo ndipo penye hatari. Upande wa kaskazini wa mlima, ulio mkavu, huota mtarakwa, ambao wengi huuita mwerezi kwa kufuata Biblia, ingawa si mwerezi wa Lebanoni bali ni jamaa nyingine. Tena katika mashamba ya miti ya Serikali huko Rongai yamepandwa miti ya kigeni, misindano na misaipresi. Msaipresi wetu wataalamu wameuita wa Ureno, kwa kuwa ulijulikana kwanza katika bustani za kule. Kwao hasa ni Meksiko. Vijana hupanda usiku na panga, wakakata kilele cha mti mchanga kwa kuwa ndicho chenye umbo zuri. Mti uliokatwa kilele hauinuki tena wima, na mbao yake haifai. Kwa siku 12 za furaha umepotea mti wa miaka 25. Wala kwa mtarakwa na miti mingine ya msitu wa juu tusizungumze kabisa, maana msitu huo sasa umo katika hifadhi ya taifa, na mtu akamatwaye hana la kujitetea. Wapandao miti hupunguza matawi ya chini wao wenyewe ili shina liwe safi. Ukienda kwa ruhusa mchana, ukaomba tawi lililokwisha kukatwa, ukalisimamisha katika kopo la mchanga, watoto hawataona tofauti.

Twarudi kwa masale, maana hapo ndipo tulipokosa sisi. Mwaka mmoja, wiki ya mwisho ya masomo, tuliwaamuru watoto wa darasa kuleta “majani mabichi yenye kupendeza” ya kupambia mlango na madirisha. Hatukutaja jani gani. Mtoto mmoja alileta mzigo mkubwa wa masale, tukamsifu mbele ya wenzake, tukayafunga utepe mwekundu. Jioni ile tulipata habari ya kuwa ameyakata mpakani, kati ya kihamba cha baba yake na cha jirani, ambao walikuwa wamekwisha kuteta juu ya hatua tatu za ardhi tangu siku za babu zao. Jirani aliporudi na kuona pengo katika safu alijua neno moja tu: mpaka unasogezwa. Wanawe walikuwa wamekuja kutoka Dar es Salaam na Mombasa kwa ajili ya Noeli, nao wakasimama na baba yao. Mpaka giza lilipoingia watu walikuwa wanaitana kwa majina ya kale ya matusi, na mapanga yalikuwa mikononi, ingawa wote walisema wameyashika kwa kukatia majani ya ng'ombe.

Tulikwenda usiku huo kueleza ya kuwa kosa ni letu. Hawakutusikiliza sana, mwalimu si mtu wa mpaka ule. Aliyelimaliza jambo ni bibi wa yule mtoto. Alimwambia mwanawe, “Chukua jani, ulipige fundo, uende.” Mwanawe akasema, “Mama, mimi sikukosa, ni mtoto na mwalimu wake.” Bibi akajibu, “Sikukuuliza nani amekosa. Nimekuambia uende.” Akaenda. Jirani akalipokea jani mlangoni bila kusema neno, na kesho yake asubuhi wote wawili wakachomeka vipandikizi vipya katika pengo, mbele ya wazee wanne. Kisha bibi akaja shuleni. Aliyatazama masale yetu yenye utepe, akauliza kwa adabu, “Mwalimu, hapa nani amemkosea nani?”

Tangu siku hiyo tumelitafakari neno lile. Wako wenzetu wasemao ya kuwa masale ni kitu cha matambiko, yasiingie kanisani wala katika nyumba ya Mkristo. Wako wengine, hasa vijana wetu wasomi, wasemao ya kuwa ni urithi wetu, basi yatiwe kila mahali, katika arusi na mapokezi na mlango wa duka. Sisi hatukubaliani na hawa wala na wale. Wa kwanza hulitupa neno la msamaha ambalo watu walikuwa nalo kabla ya kuhubiriwa msamaha. Wa pili hulisema neno hilo mchana kutwa bila kulikusudia, kama mtu asemaye “nisamehe” kila anapopita njiani. Desemba ndio mwezi ambapo ndugu wote wako nyumbani, na mabaraza ya ukoo hukaa, na mipaka huamuliwa. Jani hilo lina kazi wakati huo huo tunaotaka kulitundika liwe pambo.

Basi twapamba kwa nini? Kwa mgomba. Mgomba uliokwisha kuzaa hukatwa, na magamba yake ya nje hukauka shambani bila mtu kuyaonea uchungu. Watoto wa mlimani huyajua tangu zamani, kwa maana mipira yao na kamba zao hutoka humo. Otto Raum, aliyezaliwa huku na kuandika kitabu juu ya utoto wa Wachaga, kilichochapishwa mwaka 1940, alizichunguza kazi na michezo yao kwa bidii. Gamba hulowekwa usiku mmoja, hukwanguliwa kwa mgongo wa kisu, hulazwa chini ya jiwe mpaka linyooke, kisha huchanwa vipande vya upana wa kidole. Lisikaushwe juani, litakatika. Upande wa ndani una rangi ya maziwa, wa nje ni kahawia hata mweusi, na kwa rangi hizo peke yake mtoto aweza kusuka nyota ya miali minane, au kubandika juu ya karatasi ngumu mlima na msonge na ng'ombe wa hori. Gundi ni uji mzito wa mhogo. Panya huupenda, kwa hiyo picha zitundikwe juu.

Kwa shada la Majilio twatumia ukindu uliosukwa pete, na mishumaa ya nta, maana wafugaji wa nyuki wakiisha kukamua asali nta wengine huitupa. Minyororo ya karatasi hutengenezwa kwa magazeti ya zamani. Watoto huomba rangi nyekundu, na mara nyingine wamechuma buni zilizochelewa kuiva, wakazitunga kama shanga. Hilo twalikataza, kwa kuwa baba zao huzihesabu.

Katika nyumba ya yule bibi hakuna mti wala nyota ila moja, ya gamba la mgomba, ambayo mjukuu aliisuka mwaka uliofuata akaifunga juu ya mlango. Imeshika moshi, imekuwa nyeusi upande mmoja. Masale yako nje, mpakani, na yale yaliyochomekwa kuziba pengo sasa yamempita mtoto kwa urefu.