Bweni Lilijua: Historia ya Kufuli Kwenye Shule za Wasichana Meru

Kama hujawahi kulala kwenye bweni la wasichana huku Meru mwezi wa Julai, wewe baridi unaisikia tu kwa redio. Ukungu unashuka kutoka mlimani, shuka moja na blanketi moja hazitoshi, na saa kumi na nusu alfajiri kengele inalia. Unaoga maji ya karai ambayo yanakuuma mpaka meno. Halafu unapiga deki.

Mimi nilikaa huko miaka minne. Leo sitaki kuandika zile stori za kawaida za mono na uji wenye wadudu. Nataka kuandika kuhusu kufuli.

Kwenye ile karatasi ya vitu vya kununua kabla ya kuripoti kidato cha kwanza, kulikuwa na sanduku la bati, godoro, ndoo, sufuria ndogo, taulo na kufuli mbili. Babangu aliuliza kwa nini mbili. Mwenye duka akacheka, akasema, "Moja ya sanduku, ya pili utajua ukifika." Ya pili ilikuwa ya kabati ya darasani. Lakini kufuli iliyonifunza mambo haikuwa yangu. Ilikuwa ile ya mlango wa bweni, iliyofungwa kwa nje kila usiku baada ya prepu, na ufunguo ukaenda kulala na matroni.

Muhula wa kwanza ni muhula wa kuzoeana. Unapewa mama wa shule, yaani msichana wa kidato cha tatu au cha nne anayekufunza mambo: ficha sabuni yako, usimjibu kapteni, ukipata siku zako na huna pedi usilie, sema tu kwenye kyubu. Na ukisema, unapata. Nilikuwa na wenzangu saba kwenye kyubu yetu, vitanda vinne vya ghorofa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa pedi wakati mwingine anazo. Siku ya wazazi kutembelea, yule aliyeletewa chapati na kuku alijua hazikuwa zake peke yake. Kulikuwa na msichana ambaye miaka yote minne hakuja mtu kumwona. Hakuwahi kula githeri siku hiyo. Hakuna mwalimu aliyetupangia hayo. Tulijipangia.

Nyumba za namna hii hazikuanza jana. Misheni ya Chogoria ya Kanisa la Scotland ilianza 1922. Kaaga, karibu na mji wa Meru, ilikuwa ya Wamethodisti, na walikuwa wameanza hata kabla ya hapo. Wamisionari walitaka wasichana wasome, lakini pia walitaka wasichana wakae mbali na tohara. Kwa hiyo nyumba ya wasichana pale misheni ilikuwa shule na ilikuwa mahali pa kukimbilia. Ukitoroka nyumbani usiku kabla ya kisu, ulijua pa kwenda. Lakini ukishaingia, kutoka kulikuwa kwa ruhusa. Hapo ndipo naona mwanzo wa wazo ambalo bado tunalo: msichana yuko salama akiwa amefungiwa.

Na wale waliokuwa nje ya misheni? Aprili 1956, baraza la wazee wa Njuri Ncheke, likishirikiana na serikali ya mkoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana Meru. Wanaume walikaa, wakakubaliana, wakatangaza. Msichana gani aliulizwa? Hakuna. Kilichofuata kinashangaza hadi leo. Wasichana walinunua nyembe dukani, wakaingia msituni kwa makundi, wakatahiriana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja ile amri, wakiwemo wasichana na wanawake.

Sisemi walifanya vizuri. Mimi napinga tohara ya wasichana, moja kwa moja, sina maneno ya kuzungukazunguka. Ninachosema ni kwamba wazee na Mzungu wote waliamua juu ya mwili wa msichana bila kumsikiliza, na wote wakapata jibu ambalo hawakulitarajia. Ukimfungia mtu mlango bila kuongea naye, usishangae akipita dirishani.

Sasa tuje muhula wa pili.

Mtu yeyote aliyesoma bweni Kenya anajua muhula wa pili ni muhula wa fujo. Ni mrefu, kuna mitihani ya majaribio, kuna baridi, kuna michezo. Migomo mingi hutokea hapo. Na huku kwetu kuna mgomo mmoja ambao watu wazima wakiutaja wanashusha sauti.

Mimi niliusikia kwa shangazi yangu, si shuleni. Miaka minne ya shule ya wasichana ndani ya Meru, na hakuna mwalimu aliyewahi kutaja St. Kizito mbele yetu.

Usiku wa Jumamosi, 13 Julai 1991. Shule ya upili ya St. Kizito, Tigania, ilikuwa ya mchanganyiko na ya bweni. Wavulana walikuwa na hasira kwa sababu shule haikulipa pesa za kwenda kwenye mashindano ya michezo. Wakapanga mgomo. Wakawaambia wasichana waingie. Wasichana wakakataa. Usiku huo wasichana wakakimbilia bweni moja, wakajifungia humo pamoja, 271 kwenye nyumba moja. Wavulana wakavunja mlango. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kukosa hewa na kukanyagwa. Wasichana 71 walibakwa.

Soma tena hizo namba polepole. Hao ni watoto wa Meru, waliokuwa na masanduku ya bati kama langu na ndoo zilizoandikwa majina kwa rangi.

Watu wengi wanaishia hapo kwa kusikitika. Mimi nataka tuangalie kitu kingine. Kwa nini wasichana 271 walikimbilia bweni moja kabla ya mlango kuvunjwa? Kwa sababu walijua. Haikuwa bahati mbaya iliyowakuta usingizini. Magazeti ya siku zile yaliripoti kwamba kuwavamia wasichana pale shuleni hakukuwa jambo geni, na kwamba wakubwa wa shule walilizungumzia kama tabia ya vijana tu. Yaani bweni lilijua. Bweni lilikuwa limejua kwa muda mrefu. Wale ambao hawakutaka kujua walikuwa na ofisi, na waliishika funguo.

Baadaye wavulana kadhaa walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Shule ikafungwa, ikaja kufunguliwa kwa jina jipya. Unaona hiyo? Tulibadilisha jina. Shangazi yangu alikuwa kidato cha pili mwaka huo, shule nyingine ya wasichana hukuhuku Meru. Nilimuuliza wao walifanyiwa nini baada ya habari kufika. Akaniambia: "Tuliombewa asubuhi. Wiki hiyohiyo fundi akaja kuweka vyuma kwenye madirisha."

"Hakuna aliyewauliza kama kuna mtu anawasumbua?"

"Nani angetuuliza, mwanangu? Vyuma ndivyo vilikuwa jibu."

Hilo jibu lilienea nchi nzima, na lilikuja kutugharimu. Tarehe 25 Machi 1998, bweni la wasichana la Bombolulu kule Pwani lilishika moto usiku. Madirisha yalikuwa na vyuma. Wasichana 26 walikufa. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, ikawa zamu ya wavulana wa Kyanguli, Machakos: 67. Vyuma vilivyowekwa kumzuia mtu asiingie vikamzuia mtoto asitoke.

Ndiyo maana 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha viwango vya usalama shuleni. Kinasema mambo rahisi kabisa. Madirisha ya bweni yasiwe na vyuma. Milango iwe kila upande, pamoja na mlango wa dharura katikati, na ifunguke kwa nje. Mlango usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wako ndani. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2. Njia ya kupita isipungue mita 2.

Mimi nilikuwa bwenini miaka mingi baada ya kitabu hicho kutoka. Kati ya kitanda changu na cha jirani, nilikuwa nikinyoosha mkono nashika shuka yake. Na mlango, nimeshasema.

Sasa nikwambie usiku wenyewe. Muhula wa pili, kidato cha pili. Mwenzetu wa kyubu ya pili alikuwa na pumu. Kifaa chake cha kuvuta dawa kilikuwa kimeisha, na ilikuwa baridi ile ya kukata. Saa saba usiku akaanza kukosa pumzi. Tulimkalisha, tukamfungulia sweta, mmoja akamshika mgongo, mwingine akaenda mlangoni kuita. Tuligonga. Tukaita matroni. Tukagonga kwa ndoo, kwa viatu, kwa vifuniko vya masanduku. Wasichana zaidi ya 80 tukipiga kelele kwenye bweni moja, na hakuna aliyekuja, kwa sababu baadaye tuliambiwa, "Tulidhani mnataka kugoma."

Askari wa getini ndiye aliyesikia, akaenda kumwamsha matroni mpaka ufunguo ukapatikana. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Mwenzetu alipona. Kesho yake kwenye gwaride la asubuhi hatukupongezwa. Tulikemewa kwa kelele. Kapteni wetu wa bweni, msichana wa miaka 17, alisimama mbele ya shule nzima akasema, "Mwalimu, tulikuwa tunaomba mlango." Akapewa adhabu ya kufyeka nyasi siku tatu. Tulifyeka naye, kyubu zote, bila kuambiwa.

Nikisikia mtu mzima akisema watoto wa siku hizi hawana nidhamu, huwa namkumbuka huyo kapteni.

Muhula wa tatu ni mfupi. Kidato cha nne wanafanya mtihani, wadogo wanatembea kwa vidole, kila kona ya bweni kuna mtu anasoma kwa tochi. Wakimaliza wanagawa vitu vyao: ndoo, kamba ya kuanika, mto. Godoro langu la mwaka wa tatu nilirithi kwa mama yangu wa shule. Ni hivi jamii inavyoendelea, mkubwa akienda anaacha kitu nyuma. Swali langu ni nini shule nayo inaacha nyuma, kando na matokeo ya mtihani.

Kwa sababu mfano mzuri tunao, tena karibu. Mwaka 1996 kule Gatunga, Tharaka, familia 30 ziliamua mabinti wao hawatapashwa tohara. Lakini hawakutangaza marufuku kama ile ya 1956. Walianza kwa kuongea: akina mama na mabinti, kisha akina baba, wakisaidiwa na Maendeleo ya Wanawake. Wasichana wakakaa pamoja wiki nzima kama zamani, wakafundishwa mambo ya mwili wao, ya heshima, ya kuwa mtu mzima, halafu wakatolewa kwa sherehe. Wakaiita Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wazo hilo likaenea, na leo wakati wa likizo wasichana hukusanyika kwa mafunzo kama hayo sehemu nyingi za Kenya.

Angalia tofauti. Hapo wasichana walikuwa pamoja, mbali na nyumbani, chini ya ulinzi wa wakubwa, sawasawa na bwenini. Tofauti ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuongea nao kabla ya jambo kuharibika.

Kuna watu wanaosema dawa ni kufunga mabweni yote. Ninawaelewa. Baada ya wasichana 10 kufa Moi Girls Nairobi Septemba 2017, na wavulana 21 Hillside Endarasha Septemba 2024, mzazi ana haki ya kuogopa. Lakini mimi najua wasichana ambao bweni ndilo lililowaokoa: na ndoa ya mapema, na kutembea kilomita nyingi gizani, na nyumba ambayo hakuna pa kufungulia kitabu. Sitaki wafungiwe nje ya shule kwa sababu tumeshindwa kuwafungulia mlango ndani yake.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kama una binti, au mdogo wako, au mpwa wako bwenini, siku ya kutembelea usimuulize tu alikuwa nambari ngapi. Tembea naye mpaka bwenini. Angalia dirisha kama lina vyuma. Muulize usiku mlango unafungwa upande gani na ufunguo unalala wapi. Kisha muulize kama kuna mtu yeyote anayemwogopa pale shuleni, halafu unyamaze, umpe muda ajibu.

Shangazi yangu ana miaka hamsini sasa. Nilipomwambia naandika hii, alikaa kimya kidogo, akasema: "Andika kwamba walikuwa 19. Watu wamesahau hata idadi."

Walikuwa 19.