Mguu wa Mpiga Muziki katika Nchi ya Busia na Malaba

Waandishi wa tarehe ya muziki wa Afrika ya Mashariki aghalabu husifu vidole vilivyochezesha nyuzi na koo zilizotoa maghani, lakini mguu, ambao katika nchi ya Busia na Malaba na majirani zake umefanya kazi ya ngoma tangu zama zisizoandikwa, na ambao leo, kwa uwezo wa vyombo vya kisasa, waweza hata kuiamrisha simu iliyo mezani bila ya waya wowote kupita kati yao, hautajwi ila kwa nadra, kana kwamba mpiga muziki huumbwa kutoka kiunoni kwenda juu. Nakusudia hapa kuupa mguu haki yake.

Nchi yenyewe ni ya mchanganyiko. Wakhayo na Wamarachi, Wasamia walio karibu na vilima vyao, Wanyala walioteremkia ziwani, na Wateso wa Amukura na Malaba, wote wamo katika kaunti moja ya Busia. Upande wa kusini na mashariki wanapakana na Wajaluo wa Ugenya na Alego, na ng'ambo ya mpaka, karibu na Tororo, wapo Wapadhola ambao lugha yao ni ndugu ya Kijaluo. Mpaka nao si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda, ambalo lilienea hata kukaribia Naivasha, na ndipo Waingereza walipolihamishia katika himaya yao nyingine, na watu waliokuwa jirani wa mto mmoja wakajikuta raia wa serikali mbili. Ala za muziki hazikuulizwa hati ya kusafiria: akogo ya Wateso, yenye vichuma vya kubonyezwa kwa vidole gumba, na adeudeu, kinubi chao, zilibaki pande zote mbili za Mto Malaba, na mpaka leo zipo.

Katika ala zote za majirani hawa, iliyoupa mguu heshima kubwa kupita nyingine ni nyatiti ya Wajaluo. Ina nyuzi nane, nne za mkono huu na nne za mkono ule, na wazee husema kuwa hesabu hiyo yafuata maisha ya mwanamume, siku nne za kuzaliwa kwake na siku nne za maombolezo yake. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, ala ikalazwa chini mbele yake. Katika kidole kikubwa cha mguu wa kulia huvaa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o, na juu ya kifundo cha mguu huo huo hufunga njuga ziitwazo gara. Mikono inapochezesha nyuzi, kidole hugonga mti wa nyatiti kwa ile pete, na kila pigo likiutikisa mguu, njuga nazo huitikia, hata mtu mmoja akawa na sauti nne kwa wakati mmoja: koo, nyuzi, chuma na njuga. Aliyesikiliza sahani za santuri bila ya kumwona mpigaji, mathalan zile alizorekodi Hugh Tracey alipopita Kenya mwaka 1950, angeweza kuapa kuwa yupo mwenzake pembeni mwenye kupiga ngoma. Hakuna mwenzake. Ni kidole cha mguu.

Chuma chenyewe si kitu cha ugenini katika nchi hii. Vilima vya Samia vilikuwa na mawe ya chuma, na wahunzi wa huko waliyeyusha na kufua majembe yaliyouzwa mbali, yakafika kwa Wajaluo na ng'ambo ya mpaka wa leo, yakatolewa hata kuwa mahari. Pete ya mpiga nyatiti, madhali ni chuma kilichofuliwa na mhunzi, ni jamaa wa jembe, na wala siioni ajabu kwamba watu walioishi karibu na viwanda hivyo vya moto ndio waliofikiri kukivisha kidole cha mguu chuma ili kipige muziki. Zamani ala hiyo ilikuwa ya wanaume. Siku hizi wanawake nao wameivaa pete, na mmojawao, Eriko Mukoyama, Mjapani ajulikanaye kwa jina la Anyango, ameipeleka nyatiti hata kwao Japani.

Lakini ipo desturi moja ambayo pasipo kuielewa hatutaelewa kwa nini mguu ni muhimu, nayo ni pakruok. Katika matanga na karamu za Wajaluo, msikilizaji aliyeguswa na wimbo hutoa fedha, mpigaji husimama, na mtoaji hujisifu yeye, rafiki zake na wakweze kwa maneno ya kejeli na majivuno. Akimaliza, wimbo huendelea kutoka pale ulipokatizwa. Watu wa pwani watakumbuka jinsi mwimbaji wa taarabu anavyotunzwa, ila tofauti yake ni kuwa huko mtunzaji hucheza akielekea jukwaani na wimbo haukomi, na hapa wimbo hukoma kabisa kwa ajili yake. Muziki wa nchi hii, basi, ni muziki wa kukatizwa. Mpigaji hodari si yule asiyekosea tu, bali ni yule awezaye kusimama ghafla na kuanza tena bila ya kupoteza mapigo, na kipimo cha mapigo hayo kipo mguuni.

Wamisionari walipokuja waliuongezea mguu kazi nyingine. Mapadri wa Mill Hill walifungua misheni Mumias mwaka 1904, Waanglikana wakafika Maseno mwaka 1906, na makanisa ya namna hii yalikuja na kinanda cha kukanyaga, ambacho ndani yake mna ndimi za shaba zilizopulizwa kwa mivuo, na mivuo hiyo huendeshwa na vibao viwili chini, mguu mmoja ukishuka mwingine ukipanda. Kwa kinanda hiki mguu haukupiga kitu chochote kilichosikika. Kazi yake ilikuwa kuleta pumzi. Aliyechoka miguu sauti yake ilififia katikati ya ubeti, na aliyekanyaga kwa pupa aliufanya wimbo wa toba uvume kwa kishindo cha gwaride. Nadhani hapa ndipo mguu ulipoanza kuwa mtumishi wa siri, asiyesikika lakini asiyeweza kukosekana, na jambo hilo litarudi mbele.

Magitaa ya miaka ya 1950 na 1960 siyapiti kwa dharau, ila kwa haraka, kwa kuwa mguu huko haukuwa na kazi nyingi. Mtindo wa omutibo wa Waluhya, ambamo George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alitia fora, ulipenda mapigo ya chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kwenye mikunjo yake. Kundi la Abana ba Nasery kutoka Bunyore liliendelea na chupa hiyo hata likaipeleka mpaka London. Kisha zikaja bendi za benga na ngoma za kizungu, ambazo kikanyagio chake cha ngoma kubwa kilipewa umbo la kisasa Marekani mwaka 1909 na William Ludwig, na baada yake vijisanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa la umeme, vilivyoanza kuuzwa huko mwaka 1962. Vijisanduku hivyo vilitaka waya, spika na umeme au jenereta, na vyote vilikuwa mali ya bendi, si ya mtu mmoja anayekwenda matangani kwa baiskeli.

Mtu mmoja alirudi tena wakati vilipoingia vinanda vya umeme vyenye midundo iliyopigwa tayari. Mijini, tangu miaka ya 1990, mpiga gitaa pekee na mashine yake ya mdundo aliijaza baa nzima, na watu wa Nairobi wakampa jina la one man guitar. Vijijini mwa magharibi kinanda kimoja na spika mbili vilichukua mahali pa bendi katika harusi na katika disko matanga, ambazo maafisa wa serikali hawachoki kuzipiga marufuku na watu hawachoki kuzihudhuria. Faida yake ni dhahiri, kwa kuwa malipo hayagawanywi. Hasara yake haikutazamwa sana: mdundo wa mashine haumsikilizi mtu. Mjomba wa bwana harusi akija na noti mkononi kutaka kujisifu, mikono yote miwili ya mpigaji imo kwenye vibonyezo, na mashine inakwenda zake; ama aache kupiga ili aizime, ama mjomba apige kelele juu ya mdundo. Ile desturi ya kukatiza iliyolelewa na pete ya chuma ilikosa wa kuitumikia.

Ni katika nafasi hii ndipo ninapokiweka kikanyagio kisichotumia waya, wala sikioni kuwa mchezo wa matajiri tu. Asili yake ni mbili. Kwanza, mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda wa Marekani na Japani walipatana juu ya lugha moja ya vyombo kuzungumza, iitwayo MIDI, ambayo ndani yake kikanyagio cha kurefusha sauti kimepewa namba 64, na thamani yake huenda kutoka 0 hadi 127: chini ya 64 maana yake mguu umeinuliwa, kutoka 64 kwenda juu maana yake umekanyaga. Pili, Bluetooth, iliyoanzia katika kampuni ya Ericsson huko Sweden mnamo mwaka 1994, ilipata mwaka 2010 namna mpya ya kutumia umeme kidogo sana. Mwaka huo huo tableti ya iPad ilitoka, pamoja na programu kama forScore ya kusomea nota, na wapiga piano wakataka mguu uwafunulie kurasa. Mwaka 2013 kampuni ya Kiitaliano ya IK Multimedia ikatoa iRig BlueBoard, ubao wenye vibonyezo vinne vya mguu uliozungumza na simu bila waya, na kufikia mwaka 2015 lugha ya MIDI kupitia Bluetooth ilikuwa imekubaliwa rasmi kwa vyombo vyote.

Vikanyagio hivi ni vya jinsi mbili, na asiyejua tofauti yake hupoteza fedha. Jinsi ya kwanza hujifanya kibodi ya kompyuta: ukikanyaga, simu hudhani kuwa umebonyeza mshale au kitufe cha ukurasa unaofuata, jambo linalotosha kwa nyimbo za kitabu na maneno ya kwaya. Jinsi ya pili husema MIDI, nayo ndiyo iwezayo kuanzisha mdundo, kuusimamisha, kubadili sauti, au kurekodi kipande cha gitaa na kukirudisha kikizunguka huku mpigaji akiimba juu yake. Mpiga kinanda wa Bumala au wa Amukura aliye na programu ya midundo katika simu na kikanyagio cha jinsi hii chini ya kiatu aweza kumwona mjomba akikaribia, akakanyaga mara moja, ukumbi ukanyamaza, mjomba akajisifu mpaka akatosheka, na mguu ukaurudisha mdundo kwenye pigo la kwanza. Hilo ndilo pakruok ililolihitaji, na hilo ndilo oduong'o ililolifanya bila ya betri.

Walakini mguu huu mpya hausikiki. Kama vile kwenye kinanda cha kanisani, umekuwa wa siri. Huamrisha tu, na amri huchukua muda kufika. Muda huo kwa kikanyagio kizuri ni mdogo, sehemu chache za elfu za sekunde, na sikio la kawaida halilalamiki. Balaa hutoka upande mwingine: mpigaji huona kuwa maadamu kikanyagio hakina waya, basi na spika nayo isiwe na waya, akaiunganisha simu na spika ya Bluetooth, na hapo sauti huchelewa kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, hata mguu ukishuka na ngoma ikalia baadaye mithili ya mwangwi wa bondeni. Waya baina ya simu na spika haujapata mbadala, na afadhali kusema hivyo waziwazi. Tena simu ni simu: mpigaji asipoiweka katika hali ya ndegeni na kuiwasha tena Bluetooth peke yake, ujumbe wa M-Pesa utalia katikati ya wimbo wa kuaga marehemu, na akiwa Malaba mtandao wa Uganda nao utamkaribisha ugenini pale pale alipoketi.

Hukumu yangu ni kuwa kikanyagio hiki kimemrudishia mpiga muziki wa peke yake uhuru ambao mashine za mdundo zilimnyang'anya, lakini hakijamrudishia sauti ya mguu, na kwaya au shule ya Busia yenye fedha za chombo kimoja tu ningeishauri imwajiri mwenye kujua nyatiti au adeudeu awafunze vijana kwanza, kwa kuwa kijana ambaye mguu wake haujajifunza kushika mapigo hataokolewa na kifaa chochote. Aliye tayari kununua na asiende na mkono mtupu. Na achukue simu yake mwenyewe na programu yake mwenyewe, aulize kama kikanyagio husema MIDI au hujifanya kibodi tu, akiunganishe hapo hapo, aisikilize sauti kwa waya, akanyage mara kumi mfululizo kwa mwendo wa wimbo anaoujua; na kikichelewa hata mara moja, akirudishe rafuni, hata kama muuzaji atakipunguza bei kwa nusu.