Kwa Nini Laptopu Ina C na D: Historia Fupi Tuliyojifunza Gisozi

Leo hatuleti habari za mgao wala za mpira. Tunaleta historia ya kitu ambacho karibu kila kijana kambini mwenye kompyuta amekifanya au amefanyiwa: kupiga Windows upya. Tunaileta kwa sababu tulikosea, na aliyeumia ni mwenzetu.

Tulipata ruhusa ya kutoka kambini, tukashinda siku nne Gisozi, hapa Kigali, kwenye chumba tulichoazimwa karibu na Agakinjiro. Anayejua Gisozi anajua Agakinjiro: mbao, vyuma, vitanda, milango, na kelele za misumeno kutwa nzima. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza laptopu 11 za mtumba zilizoletwa kwa ajili ya vijana. Siku hizi laptopu za namna hiyo zinagawiwa sana, maana Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11.

Siku ya pili dada mmoja wa kikundi chetu akaleta laptopu yake mwenyewe. Ilikuwa nzito jamani, ukiiwasha unachemsha chai na kuinywa kabla haijafunguka. Tukamwambia, "Lete, tunaisafisha." Hatukumuuliza kitu. Tukachomeka fulashi, tukafika pale panapoonyesha sehemu za diski, tukazifuta zote, tukabakiza uwanja mmoja mkubwa, tukabonyeza endelea. Kabla ya saa moja kuisha mashine ilikuwa inakimbia. Dada akaifungua, akatafuta kidogo, akauliza: "Sasa D iko wapi?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejibu.

Ili muelewe kilichotokea, inabidi turudi nyuma kidogo.

Tuanze na herufi. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981, ile iliyozaa hizi zetu, haikuwa na diski ngumu ndani. Ilitumia diski laini, vile vibapa ambavyo leo tunaviona tu kama alama ya kuhifadhi kazi. Mlango wa kwanza wa diski laini uliitwa A, wa pili B. Machi 1983 IBM ikatoa PC XT yenye diski ngumu ndani. Ilikuta A na B zimeshachukuliwa, ikaitwa C. Milango ya A na B imeshakufa, lakini C haijahama mpaka leo.

Diski ngumu yenyewe ni mzee zaidi. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya IBM pia, mwaka 1956, kwa jina RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zinazozunguka, uzito wake ulikaribia tani 1, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuijaza. Ile ya PC XT ilibeba megabaiti 10, watu wakaona ni nyingi mno.

Sasa kwa nini mtu agawe kitu kidogo hivyo? Kwa sababu enzi zile mifumo endeshi ilikuwa mingi, ikigombania mashine moja. Mtu angeweza kutaka DOS na mfumo mwingine kwenye diski ileile, na kila mmoja unapanga vitu kwa njia yake. DOS 2.0, iliyokuja pamoja na PC XT, ikaleta programu ya FDISK ya kuchora mipaka. Kwenye kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512, pakawekwa jedwali lenye nafasi 4. Kila nafasi inasema: sehemu hii inaanzia hapa, ina urefu huu, ni ya aina hii. Jedwali zima ni baiti 64. Yaani mipaka yote ya diski inakaa kwenye nafasi ndogo kuliko sentensi hii unayoisoma.

Baadaye kukatokea shida nyingine. DOS ya miaka ile haikuweza kutumia sehemu inayozidi megabaiti 32, na diski zikawa zinakua. Ukinunua diski ya 60, huna ujanja, lazima uikate. DOS 3.3 ya mwaka 1987 ikaruhusu kukata zaidi, na hapo watu wengi wakazoea kuona D, E na F. Kikwazo chenyewe kiliondoka, lakini watu walikuwa wameshaona faida: mfumo unakaa C, mali zako zinakaa D. C ikiharibika, unaijenga upya na D haiguswi. Linux nayo ina desturi hiyohiyo: unaweza kuitengea folda ya home sehemu yake, ukabadilisha mfumo na mafaili yako yakabaki.

Kwa hiyo aliyeitengeneza laptopu ya dada zamani alifanya kazi ya maana. Sisi ndio tuliobomoa ukuta bila kuuliza uliwekwa wa nini.

Kufomati nako kunaeleweka vibaya. Wengi tunadhani kufomati ni kufuta. Fikiria kambi yenye daftari la nyumba: nyumba namba fulani inakaa familia fulani. Ukichana daftari, nyumba hazianguki. Watu bado wamo ndani. Ila msimamizi mpya akija na daftari jeupe, ataona uwanja wote ni mtupu, na ataanza kujenga juu ya nyumba za watu. Fomati ya haraka ndivyo inavyofanya: inaweka daftari jeupe, vitu vya zamani bado vipo mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Fomati kamili ni habari nyingine. Tangu Windows Vista, ile inaandika sifuri diski nzima, na hapo kweli hakuna kinachobaki.

Tuliposoma hayo tukaizima laptopu palepale. Tukaitoa diski, tukaichomeka kwenye mashine nyingine, tukatumia TestDisk, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Inapita kwenye diski ikitafuta alama za mipaka ya zamani. Ilichukua usiku mzima. Alfajiri ikaikuta D. Picha za marehemu baba yake dada zilikuwemo, karibu zote, pamoja na sauti aliyomrekodi akiimba kanisani. Dada alilia, na sisi tulitoka nje kidogo.

Lakini diploma yake ya sekondari, ile aliyoipiga skani kabla ya kukimbia kutoka Rutshuru, ilikuwa imehifadhiwa kwenye skrini ya mwanzo. Na vitu vya skrini ya mwanzo vinakaa C. Windows mpya ilikuwa imejengwa juu yake. Tulijaribu na PhotoRec, ndugu yake TestDisk, inayotafuta faili kwa alama zake bila kujali daftari. Tulipata nusu ya ukurasa, chini yake rangi ya kijivu tupu. Karatasi yenyewe ilibaki nyumbani, na nyumba hiyo hatujui iko katika hali gani. Alikuwa anaihitaji kwa maombi ya ufadhili wa masomo.

Siku ya mwisho tulitembea mpaka kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, palepale Gisozi. Ilifunguliwa Aprili 2004, na wamezikwa hapo zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Hatulinganishi msiba ule na laptopu, Mungu atuepushe. Ila kuna chumba cha picha zilizoletwa na familia, na mbele ya zile picha tulielewa vizuri kwa nini dada alilia. Tangu Desemba 2010 mahali hapo pana pia hifadhi ya nyaraka, ushuhuda na picha, zilizowekwa kwenye mfumo wa kidijitali ili zisitegemee karatasi peke yake. Nchi hii inajua kwamba ushahidi ukikaa mahali pamoja unaweza kupotea.

Na wahandisi wamejifunza hilo pia. Jedwali la zamani lilikuwa moja tu, likiharibika umekwisha. Mpango mpya unaoitwa GPT, unaotumika kwenye laptopu nyingi za sasa, unaruhusu sehemu 128 kwenye Windows, na unaweka nakala ya jedwali mwishoni mwa diski. Lakini msidanganyike: D siyo nakala ya akiba. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, diski ikifa vinaondoka vyote. Na kwenye diski za SSD, ukifomati, vitu vya zamani mara nyingi hufutika haraka kiasi kwamba TestDisk haikuti kitu.

Kwa hiyo sasa kikundi chetu kina utaratibu, umebandikwa ukutani. Kabla ya kugusa laptopu ya mtu, mwenyewe anakaa pembeni yetu. Tunafungua pamoja skrini ya mwanzo, nyaraka, picha, vilivyopakuliwa. Vyote vinanakiliwa kwenye diski ya nje, na nyaraka za maisha, yaani vyeti na vitambulisho, zinatumwa pia kwenye barua pepe yake. Tunafungua nakala kuhakikisha zinasoma. Ndipo tunafuta C peke yake, na D tunaiacha. Akiba haiozi.

Kwa nyie wa mashirika: mkileta laptopu, leteni na diski moja ya nje kwa kila kikundi.

Dada bado anatafuta mwalimu wake wa zamani, labda ana orodha ya waliofaulu. Ombi la ufadhili alilituma na ile nusu ya ukurasa, pamoja na barua tuliyoandika sisi kueleza kwamba kosa lilikuwa letu. Jibu halijafika.