Ladha Nazo Zina Historia: Gemu, Dizeli na Kizazi cha Kasulu na Kibondo

Historia ya nyanda za juu za Kigoma imezoeleka kuandikwa kwa mambo makubwa. Tunasoma habari za manamba waliotoka Buha kwenda kukata mkonge wa Tanga na Morogoro. Tunasoma habari za Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyowahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa. Tunasoma habari za wakimbizi wa Burundi na wa Kongo. Ni nadra kusoma habari za vitu vidogo: vijana wa Kasulu na Kibondo walipenda nini, kitu hicho kiliwafikiaje, na kiliwafundisha kupenda nini baadaye.

Leo naandika juu ya gemu. Najua wapo wasomaji wangu, hasa walio katika ofisi za umma, watakaosema kwamba mhadhiri amekosa la kuandika. Nawaomba subira. Ladha ya mtu, yaani kile anachokiona kizuri, kinachomchosha na anachokitamani, huonekana kuwa mali yake ya siri kuliko mali zote. Ukiichunguza, hata hivyo, utakuta nyuma yake kuna barabara, umeme, forodha, sheria na lugha. Nitatumia ladha zangu mwenyewe kama ushahidi, si kwa sababu zina thamani ya pekee, bali kwa sababu ndizo nyaraka nilizo nazo karibu.

Kioo cha kwanza

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na televisheni ya Taifa ilikuja mwaka 2000. Huko kwetu milimani hata tarehe hizo zilikuwa habari za mbali. Matokeo yake ni jambo ambalo wanahistoria wa vyombo vya habari hawajalipa uzito: kwa wengi wa rika langu, kioo cha kwanza kukishika mkononi hakikuwa cha televisheni. Kilikuwa cha kigemu cha betri, cha plastiki, chenye vitofali vyeusi vinavyodondoka kutoka juu.

Mchezo ule asili yake ni Tetris, uliobuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtafiti wa kompyuta katika taasisi ya Chuo cha Sayansi cha Kisovieti mjini Moscow. Kwa kuwa alikuwa mtumishi wa dola ya kijamaa, haki za mchezo zilishikwa na dola, naye hakuanza kulipwa mrabaha hadi mwaka 1996. Tazama basi kinaya cha historia. Mchezo uliozaliwa chini ya ujamaa wa Moscow haukutufikia sisi, wana wa vijiji vya ujamaa, kwa udugu wa mataifa ya kijamaa. Ulitufikia baada ya milango ya biashara kufunguliwa, ukiwa nakala ya bei rahisi kutoka China, ndani ya mzigo wa mchuuzi wa mnadani pamoja na viberiti, nyembe na kandambili.

Betri zilikuwa ghali, hivyo tuliazima zile za redio baada ya taarifa ya habari, na zilipochoka tulizianika juani ili zipate uhai wa dakika chache zaidi. Kwa hiyo kila mchezo ulikuwa na mwisho unaojulikana. Naamini upendo wangu wa maandishi mafupi, wa hoja inayopangwa bila nafasi tupu, ulianzia hapo. Tetris ulinifundisha pia kanuni ambayo nitairudia mbele: ukishindwa, umeshindwa kwa mkono wako mwenyewe, na kesho mkono huo unaweza kuwa mwepesi zaidi.

Dizeli na banda

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Kambi za Mtendeli, Kanembwa, Nduta na Mtabila zikawa majina ya kila siku. Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Kufikia mwaka 2000 Tanzania ilikuwa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni, wengi wao katika mkoa wetu na mkoa jirani wa Kagera.

Mengi yameandikwa juu ya mzigo wa wakimbizi. Machache yameandikwa juu ya kile kilichokuja pamoja na kambi: mashirika, mishahara, malori, masoko, na zaidi ya yote, majenereta. Miji yetu haikuunganishwa na gridi ya Taifa hadi mwaka 2022. Kabla ya hapo kila burudani ya kioo katika Kasulu na Kibondo ilikuwa na ngurumo ya dizeli nyuma yake. Palipokuwa na jenereta palikuwa na banda umiza, na palipokuwa na banda umiza, baada ya filamu za jioni kuwekewa muda wake, mchana ulibaki kwa PlayStation.

Mchezo uliotawala ulikuwa Winning Eleven wa kampuni ya Konami. Diski zilizotufikia zilikuwa nakala zisizo halali za toleo la Kijapani. Hakuna aliyejua kusoma herufi zake. Tulijifunza menyu kwa kuhesabu mistari: wa tatu ni kubadili mchezaji, wa tano ni kupanga safu. Mtangazaji alipaza sauti kwa Kijapani, watazamaji wakamjibu kwa Kiha, na aliyetoka ng'ambo ya mpaka akatania kwa Kirundi bila kuhitaji mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Sheria ilimtaka mkimbizi awe na kibali ili atoke kambini, lakini katika masoko ya karibu na kambi mwenyeji na mgeni walikutana, na mbele ya kioo hakuna aliyeuliza kibali. Aliyefungwa aliachia nafasi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee.

Ladha yangu ya soka ilitoka hapo. Nilipenda pasi fupi kabla sijaona uwanja wenye nyasi zilizokatwa, na nilimjua Roberto Carlos kwa nguvu za mguu wake wa kushoto kabla sijaona picha yake gazetini. Lakini ladha hiyo ilikuwa na gharama. Mkoa wa Kigoma umelea wanasoka wengi wa Taifa hili, na sisi tuliokaa bandani tukawa na majina ya wachezaji wa Ulaya na Brazili midomoni kuliko ya wale waliocheza viwanja vya vumbi vya wilaya zetu. Hatukulazimishwa na mtu. Wale wa viwanja vya vumbi hawakuwamo tu ndani ya diski. Kutokuwamo nako ni nguvu ya kihistoria: kinachokosekana kwenye kioo hukosekana polepole hata katika matamanio.

Nyoka na tochi

Simu ya mkononi ilileta mchezo wa tatu. Mhandisi wa Kifini, Taneli Armanto, aliuingiza mchezo wa nyoka katika simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Kwetu ulishika kasi kwa simu za bei nafuu, hasa Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyokuwa na kitu ambacho mwanakijiji alikihitaji kuliko mchezo wowote: tochi. Simu hiyo ilikuwa ya baba au ya kaka mkubwa, na ilipelekwa senta kuchajiwa kwa malipo. Kila dakika ya nyoka ilikuwa dakika iliyoibwa kwenye mwanga wa usiku. Hivyo ulikuwa mchezo wa faragha na wa hatia ndogo, tofauti kabisa na kelele za banda. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba burudani inaweza kuwa jambo la mtu mmoja. Nyanda zetu zilikuwa na hadithi za jioni, ngoma na bao, na zote zilihitaji wenzako wawepo. Simu haikumhitaji mwenzako.

Mji uliotengenezwa Edinburgh

Kisha ikaja Grand Theft Auto: Vice City mwaka 2002 na San Andreas mwaka 2004. Kwa kijana ambaye hajafika hata Dar es Salaam, huo ndio ulikuwa mji wa kwanza kutembea ndani yake kwa hiari yake: kupanda gari lolote, kubadili stesheni ya redio, kuchagua nguo. Mavazi mapana na muziki wa hip hop tuliodhani tumeuchagua wenyewe ulitufikia pia kwa njia hiyo. Wachache walijua kwamba Marekani ile ilitengenezwa na studio iliyoko Edinburgh, Uskoti. Tulikuwa tukiiga picha ya Marekani kama ilivyochorwa na Waskoti, tukiiona katika banda linalonuka dizeli.

Mchezo huohuo ulimfikia kijana mwingine kwa njia inayofanana na yetu. Lual Mayen alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda kwa miaka 22. Aliiona kompyuta kwenye kituo cha kuandikisha wakimbizi, akaitamani, na mama yake akaweka akiba kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300 za kuinunua. Alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Mchezo aliokutana nao humo ulikuwa Vice City. Alipocheza alijiuliza swali ambalo sisi wa bandani hatukujiuliza: mtoto aliyekwisha kuona vita ya kweli anajifunza nini kwenye vita ya kuigiza? Akajifundisha kuandika programu na kubuni mchezo aliouita Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia kutafuta amani. Mwaka 2018 alitunukiwa katika hafla ya The Game Awards, Marekani.

Simulizi hii huelezwa kama muujiza wa kipaji. Mimi naisoma kama suala la nyenzo. Tofauti kati ya Mayen na vijana wengi wa Nduta na Nyarugusu, na wa vijiji vinavyozizunguka, si akili. Ni kompyuta moja iliyokuwa yake, ambayo hakulipia kwa dakika. Mwenye kulipia dakika huwa mchezaji. Mwenye mashine yake ana nafasi ya kuifungua na kuuliza imeundwaje.

Ladha za leo

Umeme wa gridi umefika, na simu janja zimejaa. Je, kizazi cha sasa cha Kasulu na Kibondo kinaundiwa ladha gani? Pita kwenye vibanda vya senta zetu ujionee. Utakuta mashine za sarafu, taa zake na milio yake ikifanana na gemu za utoto wetu, na vijana wakijadili mikeka ya kubeti kwa ufundi ambao sisi tuliutumia kupanga safu ya Winning Eleven.

Kwa macho ni mchezo uleule. Kwa muundo ni kinyume chake. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha, kwa kuwachunguza njiwa, kwamba zawadi inayokuja bila kutabirika humfanya kiumbe arudie kitendo bila kuchoka. Mashine ya sarafu imejengwa juu ya elimu hiyo. Tetris ulimwambia mtoto: kesho utakuwa hodari zaidi. Mashine haina uhodari wa kujifunza, kwa hiyo haimpi mchezaji kesho. Ladha zetu ziliundwa na ajali za njia: diski iliyopatikana, betri iliyobaki. Ladha za leo zinaundwa kwa makusudi, na watu wanaojua hesabu zake.

Na dola iko wapi? Tunayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003 inayokataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari. Tunalo Baraza la Sanaa, tunayo Bodi ya Filamu. Ofisi ambayo jina lake linagusa michezo ya mashine ni ya kamari na kodi zake. Gemu kama sanaa, kama elimu na kama lugha haina mlezi anayejulikana. Mkatazo wa umri una maana ndogo pale ambapo mashine imewekwa karibu na njia ya shule na hakuna anayepita kukagua.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kwa Kiswahili, zilizojengwa kwa mtindo wa michezo, katika shindano la kimataifa la XPRIZE lenye zawadi ya dola milioni 10. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na wengi walijifunza kusoma. Kioo kilizungumza Kiswahili, na mtoto akakisikiliza. Kigoma yenyewe ilionyesha mwaka 2012 kwamba inaweza kusema kwa sauti yake, wasanii wake walipoimba pamoja wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite, na nchi nzima ikalitamka jina hilo. Muziki umetupa nafasi ya kusikika. Gemu bado haijatupa.

Ninachopendekeza ni mambo matatu yasiyohitaji miujiza. Leseni za mashine za sarafu zisitolewe karibu na shule, na zile zilizopo zikaguliwe. Kompyuta za shule za sekondari na za vyuo vya ufundi zifunguliwe jioni kwa vijana wanaotaka kujifunza kuandika programu, wenyeji na wakimbizi pamoja, maana Kiha na Kirundi vimekwisha kuwarahisishia nusu ya kazi. Na wanafunzi wangu wanaotafuta mada za tasnifu waende wakakusanye historia ya mabanda hayo kabla wamiliki wake hawajazeeka. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na kumbukumbu za masoko yake zinazidi kutawanyika pande mbili za mpaka.

Watakaosema kwamba tuna njaa, maji na barabara vya kushughulikia kwanza wana haki. Lakini manamba hawakurudi kutoka Tanga na fedha tu. Walirudi na redio, baiskeli na mitindo, na mitindo hiyo ikabadili kile ambacho watoto wao walikiona kuwa maisha mema. Anayeunda ladha ya mtoto wa Kibondo leo anaamua kura atakayopiga, kazi atakayoidharau na mji atakaoutamani kesho. Uamuzi huo sasa uko mikononi mwa mwenye mashine ya sarafu, na sisi ndio tumempa leseni.